PAA HUFUNGWA WAKATI WA JUA
Maandalizi ya nyumba ya askari kabla ya dhoruba za masika huko Malaba

Ndugu askari, mwezi wa Februari unapokaribia mwisho, Malaba huwa mji wa vumbi. Ardhi imekauka tangu Desemba. Mashamba ya pande zote mbili za mpaka yamelimwa nayo yangojea mbegu, na malori yanayosubiri zamu ya kuvuka hutifua udongo mchana na usiku. Watu husema, "Mvua na ije tupumzike."

Kisha, alasiri moja, joto likiwa limewachosha watu na wanyama, wingu jeusi husimama angani, mara nyingi upande wa mashariki na wa Mlima Elgon. Hewa hutulia kabisa. Ghafla upepo wa baridi huushukia mji. Vumbi huinuka mbele yake kama ukuta, maturubai ya malori hupigapiga, mabati ya vibanda hugongana, nao wachuuzi hukusanya bidhaa zao wakikimbia. Dakika chache baadaye huja mvua kubwa yenye ngurumo, pengine na mvua ya mawe. Baada ya nusu saa au saa moja kimya hurudi, na wenye nyumba hutoka nje kuhesabu kilichobaki.

Makala haya yahusu yale yapasayo kutendwa kabla ya nusu saa hiyo kufika, kwa maana ikisha kufika hakuna la kutenda ila kujihifadhi. Nayo yaelekezwa kwa askari wa jeshi na wa polisi kwa sababu moja ya pekee: dhoruba ijapo, mara nyingi askari hayupo nyumbani. Yuko zamu, yuko doria, au ametumwa mbali. Familia yake italindwa na kazi aliyoifanya mapema, wala si na ushujaa wake.

UPEPO HUU HUTOKEA WAPI

Mvua kubwa za sehemu za Tororo na Busia huja kati ya Machi na Mei, na tena katika miezi ya mwisho wa mwaka. Siku za joto, hewa iliyopata moto juu ya ardhi hupanda, ikichukua unyevu uletwao kutoka Ziwa Victoria. Wingu hujengeka hadi juu sana. Mvua inapoanza kuanguka kutoka katika wingu hilo, sehemu yake huyeyuka njiani na kuipoza hewa. Hewa iliyopoa ni nzito, hivyo huporomoka kwa kasi, na ikigonga ardhi hutawanyika pande zote. Huo ndio upepo wa baridi unaoitangulia mvua.

Askari waliosoma habari za jangwa, au waliowahi kutumwa nchi kame, wataukumbuka upepo wa namna hiyo. Ndio uinuao kuta za mchanga huko Khartoum, ambazo watu wa Sudani huziita habubu. Chanzo ni kimoja. Tofauti ni kile ambacho upepo wakiokota. Khartoum huokota mchanga wa jangwa, na Malaba huokota vumbi la mashamba na la barabara. Ardhi ikisha kulowa, pazia la vumbi hutoweka, lakini upepo hubaki na nguvu zake. Dhoruba ya kwanza ya msimu ni ya kuogopwa zaidi, kwa kuwa huwakuta watu hawajajiandaa, na huzikuta paa zilizokaa miezi mitatu juani bila kujaribiwa.

Nguvu ya upepo haiongezeki kama wengi wanavyodhani. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 100 kwa saa waweza kulivuta paa kwenda juu, hasa penye kingo, kwa nguvu ya kilo 40 na zaidi kwa kila mita moja ya mraba. Bati jembamba la mita 3 halifiki kilo 10. Basi uzito wa bati si kinga. Kinachoishika nyumba ni vifungo vyake.

MSUMARI MMOJA

Somo hili nililipata kwa gharama yangu mwenyewe. Nilikuwa luteni mpya, sijatoka chuo cha makadeti muda mrefu, nikapanga nyumba ya vyumba viwili si mbali na Malaba. Siku moja mke wangu aliniambia, "Baba, lile bati la pembeni lacheza usiku." Nikamjibu, "Mama, Jumamosi nitaliangalia." Jumamosi hiyo kulikuwa na ukaguzi kambini. Jumamosi iliyofuata nilikuwa safarini. Akanikumbusha tena, nami nikaahidi tena.

Dhoruba ilipofika nilikuwa zamu. Nikaamriwa kuwachukua askari tukaondoe mti ulioanguka barabarani, maana magari yalikuwa yamezuiliwa pande zote mbili. Tulifanya kazi hiyo hadi usiku mwingi, na wananchi walitushukuru. Niliporudi nyumbani, nusu ya paa ilikuwa katika shamba la mtama la jirani. Mke wangu na watoto walikuwa kwa jirani huyo, wamefunikwa shuka. Mtoto wetu wa pili alikuwa na jeraha kwenye paji la uso, mahali alipopigwa na kipande cha ubao. Kilipita kando ya jicho lake kwa upana wa kidole.

Mke wangu hakunilaumu kwa neno lolote. Asubuhi tulipookota mabati, tuliliona lile bati la pembeni. Msumari wake mmoja ulikuwa umekwisha kwa kutu, na tundu lake lilikuwa limepanuka hata kidole kiliingia. Hapo upepo ulipata mlango, ukaondoa la kwanza, kisha la pili, kisha yaliyobaki. Mimi, niliyekuwa nikikagua vitanda vya askari kila asubuhi, sikuwa nimekagua paa lililowafunika watoto wangu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliujenga.

UKAGUZI WA PAA

Ukaguzi ufanywe mwezi wa Februari, na tena mwezi wa Agosti. Chukua ngazi, nyundo na macho ya koplo mkali.

Kwanza, tazama kingo, pembe na kofia ya paa, yaani bati lifunikalo mgongo. Upepo huanzia hapo. Msumari uliolegea usipigiliwe tena katika tundu lile lile. Weka mpya kando yake, na tundu la zamani lizibwe. Tumia misumari ya mabati yenye kofia, na yenye mwili uliosokotwa ikipatikana, kwa kuwa hushika kuliko ile laini. Ipigwe juu ya mgongo wa wimbi la bati, si bondeni mwake ambamo maji hupita. Kwenye kingo misumari ikaribiane zaidi kuliko katikati ya paa.

Pili, fuata mnyororo wa vifungo kutoka juu hadi chini. Bati limeshikwa na pao, pao limeshikwa na kenchi, kenchi imeshikwa na boriti iliyolala juu ya ukuta, na boriti hiyo imeshikwa na ukuta wenyewe. Mnyororo huvunjika penye pete dhaifu. Katika nyumba nyingi pete hiyo ni ya mwisho: boriti imelazwa tu juu ya matofali. Upepo ukija huondoka na paa zima, mbao na mabati pamoja. Dawa yake ni ukanda wa chuma au waya mzito uliojengewa ndani ya ukuta, angalau mistari mitatu au minne ya matofali chini ya boriti, kisha ukaizunguka boriti na kenchi na kupigiliwa sawasawa. Gharama yake ni ndogo sana ikilinganishwa na bei ya paa jipya.

Tatu, usiweke mawe wala matairi juu ya bati ukidhani utalizuia. Upepo ukilishinda bati, jiwe lile huwa kombora juu ya kichwa cha aliye ndani.

Nne, milango na madirisha yawe na makomeo madhubuti. Mlango ukifunguka upande wa upepo, hewa hujaa ndani na kulisukuma paa kutoka chini, huku upepo wa nje ukilivuta kutoka juu. Nyumba nyingi huezuliwa kwa njia hiyo.

Kwa yule anayejenga sasa, nasaha ni hizi: paa la pande nne hustahimili kuliko la pande mbili, ukingo usitokeze mbali mno nje ya ukuta, na paa la baraza liezekwe peke yake, ili likichukuliwa lisiondoke na la nyumba. Akumbuke pia kwamba bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, ingawa nambari yake ni ndogo.

Wapo wenzetu wasiokaa katika nyumba zao wenyewe. Wako katika nyumba za kambi, katika yuniporti za duara za mabati, au katika vile vibanda ambavyo askari wa Uganda wamezoea kuviita mama ingia pole, kwa kuwa mwenye nyumba hana budi kuinama mlangoni. Huyu naye asikae akingoja. Atoe taarifa ya ubovu kwa maandishi, kwa njia ya wakubwa wake, kabla ya msimu. Wakati huo huo akaze kilicho ndani ya uwezo wake: kamba, fito, komeo na mtaro.

KIWANJA NA MAJI

Baada ya paa, tazama kiwanja. Kila kitu kisichofungwa kitaruka: vipande vya mabati, mbao, mabeseni, viti. Vikusanywe ndani au vifungwe. Matawi makavu ya mwembe yakatwe. Mkaratusi mrefu uliosimama karibu na nyumba ni hatari, nao ni heri uvunwe wakati wa kiangazi kuliko kuuvuna kutoka juu ya kitanda.

Maji nayo yaandaliwe njia. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Basi mvua ya milimita 20 juu ya paa la mita za mraba 40 yamwaga lita 800, na zote zaangukia miguuni mwa kuta. Kuta za matofali mabichi huliwa kuanzia hapo. Chimba mtaro upande wa juu wa kiwanja, na mwisho wake usiwe mlangoni pa jirani. Mwenye uwezo aweke mfereji wa bati na pipa. Maji yatakayobomoa ukuta yatafulia nguo.

Wanaokaa kwenye bonde la mto Malaba wasitazame anga la kwao peke yake. Maji ya mto huo hushuka kutoka upande wa Elgon, na waweza kufurika hali jua lawaka nyumbani kwako. Mlima huo umetufundisha kwa uchungu. Tarehe 1 Machi 2010, huko Bududa, mvua iliporomosha ardhi ikafunika vijiji, na mamia ya watu wakapotea; wanajeshi walipelekwa kuwatafuta waliofukiwa. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito ya Mbale ilifurika ikaua watu zaidi ya 20. Nyaraka za familia, vitambulisho, vyeti vya watoto na kadi za kliniki viwekwe katika mfuko wa plastiki mahali pamoja, ili mtu aweze kuuchukua kwa mkono mmoja.

RADI

Nchi zinazolizunguka Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye ngurumo nyingi zaidi, na radi haichagui cheo. Tarehe 28 Juni 2011 iliwaua wanafunzi 18 katika shule ya msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo. Tarehe 2 Novemba 2024 iliwaua watu 14 waliokusanyika kwa ibada katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilayani Lamwo. Mara zote mbili watu walikuwa chini ya paa. Basi paa pekee, lisilo na waya wa kuipeleka nguvu ya radi ardhini, halitoshi. Shule, zahanati na mabweni hayana budi kuwekewa vikinga radi na mafundi wanaojua kazi hiyo.

Mtu mmoja mmoja naye ana la kutenda. Uonapo mmweko, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kisha gawanya kwa tatu. Hizo ndizo kilomita zilizopo kati yako na radi. Ukihesabu 30 au pungufu, ingia ndani ya jengo imara au gari lililofungwa vioo. Kaa mbali na ukuta wa bati, nyaya, mabomba na madirisha, na simu isiwe katika chaji. Aliye nje aepuke mti, mlingoti wa bendera, mnara na ua wa seng'enge. Usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Wapo wanaoogopa kumgusa mtu aliyepigwa na radi, wakidhani atawadhuru, au wakingoja kwanza afanyiwe matambiko. Mwili wake hauna umeme. Kama hapumui, saidia pumzi na ukandamize kifua mara moja, kama tulivyofundishwa katika huduma ya kwanza. Wengi huweza kuokolewa kwa dakika hizo chache.

ZOEZI LA NYUMBANI

Kambi hufanya mazoezi ya hatari ya moto. Nyumba nayo ifanye zoezi la dhoruba, na mkuu wa zoezi awe yule ambaye huwapo nyumbani kila siku, yaani mama, au bibi, au mtoto mkubwa. Askari amkabidhi madaraka hayo kwa moyo mweupe na asimnyang'anye siku ya likizo.

Kila mtu apewe kazi yake. Mmoja afunge milango na madirisha. Mmoja azime jiko, taa ya mafuta na umeme, kwa kuwa moto pamoja na upepo huteketeza kuliko mvua ivunjavyo. Mmoja aingize watoto wadogo na wanyama. Mmoja afunike maji na chakula, ili vumbi lisiingie. Kisha wote waende mahali pamoja palipochaguliwa: chumba kidogo chenye kuta imara, mbali na madirisha, chini ya meza nzito. Fanyeni hivyo mara mbili kabla ya Machi, na mtoto aulizwe maswali hadi ajibu bila kusitasita.

Dalili ya mvua ni mawingu, nasi leo tuna macho mengi ya kuyatazama. Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Uganda na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutangaza utabiri wa kila msimu, na tangu mwaka 1998 wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika hukutana kuulinganisha. Elimu ya wazee nayo haikutupwa. Huko Bunyore, katika Kaunti ya Vihiga, ukoo wa Nganyi, ambao tangu zamani husoma mvua katika miti, ndege na wadudu, umeshirikiana na wataalamu wa serikali kuwaandalia wakulima utabiri wa pamoja. Basi sikiliza redio, na umsikilize pia mzee wa jirani.

BAADA YA DHORUBA

Ikisha kupita, hesabu watu kwanza, vitu baadaye. Waya uliolala chini uhesabiwe kuwa una umeme mpaka fundi aseme vinginevyo. Vaa viatu, kwa maana misumari imetapakaa. Ukuta uliolowa na kuegemea usisimamwe karibu. Usipande juu ya paa lililolowa kwa haraka ya kuziba.

Nawe, ndugu askari, usiku huo utakuwa kazini. Utaitwa kuondoa mti, kuongoza magari, kumbeba mama mzazi au mgonjwa. Hiyo ndiyo kazi uliyoapa kuifanya, nawe utaifanya. Lakini mkono ukatao mti barabarani hufanya kazi vizuri zaidi mwenyewe akijua kwamba nyumbani kwake boriti imefungwa, komeo limekazwa, na watoto wanajua waende wapi.

Jua la Februari lingalipo. Ngazi iko kwa jirani, na misumari iko dukani. Mama akikuambia bati lacheza usiku, usimjibu Jumamosi.